Kwenye gemu gari linaingia mfukoni: je, hizi simulesheni zinatuambia kitu chochote kuhusu jamii?

Swali: Mimi nasoma mipango miji mwaka wa tatu, niko Morogoro. Cities: Skylines, ile gemu ya kujenga mji, na The Sims, ile ya kuendesha maisha ya watu, nimezicheza tangu sekondari. Saizi nataka kutumia Cities: Skylines kwenye risechi yangu, niujenge mji humo ndani halafu nione foleni ingekuwaje tukiongeza barabara. Supavaiza kanikatalia, kasema gemu ni gemu tu. Je ni kweli haziwezi kuiga jamii na tabia za watu, au ni yeye hajazicheza?

Jibu:

Mdogo wangu, supavaiza wako yuko sahihi nusu na wewe uko sahihi nusu, ila muhimu ni kujua ni nusu ipi kabla hujaandika hata ukurasa mmoja. Kazi yangu mimi ndo hizi modeli, zile unaweka watu wa bandia elfu kadhaa kwenye kompyuta, unawapa sheria chache halafu unaangalia wanafika wapi, na wengi tunaofanya hii kazi tulianzia kwenye gemu kama wewe, kwa hiyo siwezi kukuambia achana nazo. Ila kuna swali moja inabidi uliulize kila gemu unayoishika: huyu mtu wa humo ndani anaweza kufanya kitu gani ambacho aliyeitengeneza gemu hakukiwaza? Kama jibu ni hakuna, basi unachokiona kwenye skrini ni mawazo ya mtengenezaji yanatembea. Yanaweza kuwa mawazo mazuri sana tu, lakini ni yake.

Tuanze na hiyo yako. Cities: Skylines ya kwanza ilitoka 2015, waliitengeneza Colossal Order wa Finland, na kwa kweli walipiga hatua kubwa kwa sababu kila mkazi ana jina, ana umri, ana nyumba yake na kazi yake. Usione hilo dogo, maana kwenye SimCity ya 2013, gemu nyingine ya mji iliyoitangulia, mkazi akitoka kazini alikuwa anaingia nyumba yoyote ya kwanza aliyoikuta ina nafasi, na kesho yake anaenda kazi yoyote iliyo wazi. Wachezaji wenyewe ndo waligundua, walimfuatilia mtu mmoja wakaona kila jioni analala kwa watu tofauti. Na idadi ya watu iliyokuwa inaandikwa juu ya skrini ilikuwa kubwa kuliko watu wanaotembea humo kweli.

Sasa rudi kwa huyu wa Cities: Skylines, mbonyeze mmoja umfuate taratibu. Anatoka nyumbani kwa miguu, anafika barabarani, gari linatokea tu hapo alipo. Anaendesha mpaka mjini, kama hakuna pa kupaki gari linapotea na yeye anaendelea na safari yake kwa miguu. Wachezaji wanayaita magari ya mfukoni na kweli ni kama kalikunja kaliweka mfukoni. Halafu angalia njia anayopita: kwenye toleo la kwanza anaichagua wakati anaondoka, kwa kuangalia umbali na spidi ya barabara, haangalii kama saa hiyo imejaa au haijajaa, ndo maana unaonaga magari yamepanga leni moja kilomita nzima na leni mbili za pembeni ziko tupu. Na gari likikwama muda mrefu gemu inalifuta. Sasa we unataka kupima foleni kwa chombo ambacho foleni ikizidi kinafuta magari, na dereva wake hajui kukata kona akapita mtaa wa nyuma, supavaiza lazima akukatalie. Toleo la pili la 2023 limerekebisha mengi, dereva anapima muda, hela na urahisi, na maegesho yapo ya kweli, lakini bado ni dereva wa mji ambao wao walikuwa wanaujua.

Kuna kitu kingine kwenye hiyo gemu bila shaka umekutana nacho, lile wimbi la vifo. Unapanua mtaa mpya mkubwa, watu wanahamia kwa pamoja, mji unanoga, halafu baada ya muda ghafla magari ya maiti hayatoshi, nyumba zinahamwa, hela inakata. Wengi wanadhani ni maji machafu au hospitali hazitoshi. Kumbe wale wote waliingia wakiwa na umri unaokaribiana, kwa hiyo wanazeeka pamoja na wanakufa pamoja. Mi nalipenda sana hili kosa, kwa sababu ni kosa na hapohapo ni somo la kweli kabisa la demografia: kundi la watu wa rika moja likiingia sehemu kwa wakati mmoja litaenda pamoja mpaka mwisho, shule zitajaa pamoja, ajira zitatafutwa pamoja. Mtaa wowote wa nyumba za mradi uliofunguliwa mwaka mmoja una hii tabia kwa kiasi fulani. Gemu imezidisha tu.

Kwa hiyo gemu inaweza ikakosea namba na ikapatia utaratibu, hiyo ishike maana tutairudia.

Sasa mawazo ya mtengenezaji yanaingiaje humo? SimCity ya kwanza ya 1989 aliitengeneza Will Wright, na alikuwa amesoma kazi ya Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani. Forrester alikuwa injinia, na mwaka 1969 alitoa modeli ya kompyuta ya mji, akisaidiwa mawazo na John Collins ambaye alikuwa meya wa Boston mpaka 1968. Modeli yake ikatoa jibu lililowashtua watu: kujenga nyumba za bei nafuu kunaumiza mji, bora kuzibomoa na kuweka viwanda. Wakosoaji walipoifungua ndani wakakuta mji wake umesimama peke yake, hauna vitongoji vinavyouzunguka. Wakati Marekani ya miaka ile jambo kubwa lililokuwa linaendelea ni wenye hela kuhamia vitongojini na kodi zao! Ukiondoa kitu hicho kwenye modeli, masikini ndo anabaki kuonekana chanzo cha matatizo yote ya mji. Hesabu zake zilikuwa safi, shida ilikuwa nani kahesabiwa na nani kaachwa nje.

Na mengine yanaachwa kwa sababu za kawaida tu, ili gemu ivutie. Stone Librande, mmoja wa wabunifu wakuu wa SimCity ya 2013, alieleza wazi kwamba walipopima maduka ya kweli walishangaa eneo la kupaki magari linalizidi duka lenyewe, na wakaona wakiweka hivyo mji wote utakuwa maegesho, hauvutii, kwa hiyo wakachukulia kwamba magari yanapaki chini ya ardhi. Simlaumu, anauza gemu. Ila fikiria kijana anayekua anaona mji wa magari bila maegesho, halafu anakuja kupanga mji wa kweli.

Kwako Morogoro shida inakuwa kubwa zaidi. Kwenye hizi gemu zote unaanza na barabara, unapaka rangi eneo la makazi, la biashara, la viwanda, halafu ndo nyumba zinaota, na pale usipopaka rangi hajengi mtu. We unajua kwetu inaendaje. Mtu ananunua kiwanja kwa mjumbe, anapandisha chumba na sebule, wengine wanafuata, genge linafunguka, bodaboda wanaweka kijiwe, baadaye sana barabara inatafutwa pa kupita na kuna ukuta wa mtu utawekewa X. Nyumba ya mbele ni duka, ya nyuma watu wanalala, uani kuna fundi anachomelea mageti, hiyo rangi yake ni ipi? Basi la kwenye gemu linaondoka likiwa na mtu mmoja, daladala yako inasubiri ijae, na konda akiona mbele kuna trafiki anashusha watu kabla ya kituo. Hayo yote ni tabia zenye sheria zake, zinaweza kuandikwa kwenye kompyuta vizuri tu, hakuna ugumu wowote, ni kwamba waliotengeneza hawakuwa wanaziona kila siku.

Hapo supavaiza wako kashinda. Sasa nusu yako wewe.

Chukua bao la drafti, lile la miraba 64. Tafuta vizibo vya soda vya rangi mbili, 22 vyekundu na 22 vya bluu, vimwage ovyo kwenye miraba yote, miraba 20 inabaki wazi. Sheria ni moja: kila kizibo kinaangalia majirani zake waliokizunguka, ikiwa angalau theluthi yao ni wa rangi yake kinatulia, ikiwa pungufu ya hapo kinahamia mraba wowote wa wazi ambao kitaridhika. Angalia hiyo sheria ilivyo laini, kizibo hakina tatizo kuwa mmoja kati ya wachache, kinakubali theluthi mbili ya majirani wawe rangi nyingine, hakichukii mtu. Anza kuhamisha. Kinaondoka kimoja, kuondoka kwake kunamuacha jirani yake mpweke, na yeye anahama, anakohamia anaharibu mizani ya wengine, na baada ya raundi kadhaa unakuta wekundu wamejikusanya huku na bluu kule, mipaka inaonekana kwa macho. Hakuna kizibo hata kimoja kilichotaka hivyo.

Hiyo ni modeli ya mchumi Thomas Schelling, aliichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, akicheza na sarafu juu ya ubao, na 2005 akapata Nobel ya uchumi kwa kazi zake za kueleza ugomvi na ushirikiano kati ya watu. Binadamu wake ni wa hovyo kabisa ukiwaangalia mmoja mmoja, hawana jina, hawana hela, hawana mama mkwe. Lakini imetufundisha kitu ambacho huwezi kukijua kwa kuwahoji watu, maana ukimuuliza kila mmoja atakuambia ukweli wake kwamba hana shida na jirani wa kabila au dini nyingine, na wote wanasema kweli, na mtaa unagawanyika vilevile. Sasa linganisha na The Sims ya mwaka 2000: kila mtu ana mahitaji manane, njaa, usingizi, choo, usafi, burudani na mengine, na akili nyingi imewekwa kwenye vitu, friji inajitangaza "mi nakupunguzia njaa", kitanda kinatangaza usingizi, na mtu anachagua kwa bahati kati ya matangazo yanayomfaa zaidi wakati huo. Ukimwangalia unamuona binadamu kabisa, analia, anatongoza, anaunguza chakula. Lakini hakuna ulichojifunza kuhusu jamii, umejifunza tu kwamba mwenye njaa anaenda kwenye friji. Kufanana kwa sura na kufanana kwa utaratibu ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wanaopima uhalisia wa gemu kwa macho wanapotelea hapo. Kama ningelazimishwa nichague moja kwa ajili ya kuelewa mji ningechukua vizibo.

Njia nyingine ya kupata tabia halisi ni kuingiza watu halisi, na hapa kuna kisa ambacho wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wanakijua. Tarehe 13 Septemba 2005 World of Warcraft, gemu ya mtandaoni inayochezwa na watu wengi kwa pamoja, ilifungua eneo jipya lenye adui mkubwa anaitwa Hakkar, ukipigana naye anakurushia ugonjwa wa damu unaokula uhai wako na kuwaambukiza walio karibu. Ulitakiwa uishie humohumo. Lakini kuna wachezaji wana wanyama wao, mnyama akiambukizwa humo ndani, ukimrudisha na kumwita tena ukiwa mjini anatokea na ugonjwa wake uleule. Ukaingia mijini. Wachezaji wa ngazi za chini wakawa wanakufa palepale, wale wauzaji wa dukani wanaoendeshwa na kompyuta hawafi, ila wanaambukiza kila anayekuja kununua. Kampuni ikajaribu karantini, watu wakaivunja, mwishowe ikabidi warekebishe gemu yenyewe.

Tabia walizoonyesha watu ndo utajiri wa kisa hiki. Wapo waliokimbilia porini. Wapo wenye uwezo wa kutibu walioenda mjini kusaidia na wengine wakafa wakisaidia. Wapo waliojiambukiza makusudi wakaenda kuwamwagia wengine. Na wapo walioingia mjini kuangalia tu kinachoendelea, wakapata ugonjwa, wakatoka nao. Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu hili kwenye The Lancet Infectious Diseases mwaka 2007, wakisema modeli za magonjwa zilikuwa hazimuweki mtu wa namna hii, anayekwenda kwenye hatari kwa sababu ya udadisi. Na tunamjua, kila ajali ya lori la mafuta barabarani yupo. Hakuna aliyemuandikia huyo mtu sheria, alikuja mwenyewe na akili yake. Bila shaka ipo kasoro, kwenye gemu ukifa unafufuka, kwa hiyo ujasiri na ukatili vyote vinakuwa rahisi, huwezi kuchukua kiwango chake ukakihamishia Bukoba au mji mwingine wa kweli. Unachukua aina ya tabia, kiwango unakitafuta sehemu nyingine.

Kwa msingi huohuo ndo maana naupenda mradi wa Block by Block, ule ambao UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walianza 2012 pamoja na waliotengeneza Minecraft, gemu ya kujenga vitu kwa matofali, na sehemu mojawapo ya mwanzo kabisa ilikuwa Kibera, Nairobi. Hawakutafuta gemu ya kuiga wakazi wa Kibera. Waliwaita wakazi, wakawawekea eneo lao kwenye Minecraft, wakawaambia lipangeni. Minecraft haijui lolote kuhusu jamii na haijidai kujua, binadamu wote wako nje ya skrini wanabishana geti liwe wapi na taa ziwekwe wapi. Kwa mtu wa mipango miji kama wewe hii ni matumizi ya heshima kabisa ya gemu.

Najua utaniuliza kuhusu AI, kwa sababu kila mtu ananiuliza. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na Google, akiongoza Joon Sung Park, walijenga kijiji cha watu 25 wanaoendeshwa na modeli ya lugha kama ChatGPT, kila mmoja ana kumbukumbu yake, anapanga siku yake na anaongea na wenzake. Mmoja akapewa wazo la kuandaa pati ya Valentine. Habari zikasambaa kwa mdomo, wakaalikwa 12, wakaja 5. Kati ya wale 7 waliokosa, 3 walisema wana ratiba nyingine na 4 walisema wangependa kuja, hawakutokea. Nilivyosoma hapo nilisimama kidogo maana hiyo ni michango ya harusi kabisa, watu wanaahidi! Hilo hakuna aliyelipanga.

Lakini soma na makosa yao, wameyaandika wazi. Watu wao walikuwa wanaingia kwenye choo cha mtu mmoja wakati kuna mwenzao ndani, wanaenda dukani likiwa limeshafungwa. Waliongea na wenzi wao wa ndoa kirasmi kama wako kwenye kikao. Na wakubalifu kupita kiasi, ukimpa wazo la ajabu kwenye pati yake anakubali, kwa sababu modeli zenyewe zimefunzwa ziwe na adabu. Jamii ya watu wasiojua kukataa haina ugomvi wa mirathi, haina mgomo, haina mtu wa kusema hii barabara haipiti kwangu. Mwaka 2024 Park na wenzake wakaja na njia nyingine, wakawahoji Wamarekani 1,052, kila mmoja saa mbili, wakatengeneza nakala ya kila mtu kutokana na mahojiano yake, halafu wakaziuliza nakala maswali ya dodoso. Watu wenyewe ukiwauliza tena baada ya wiki mbili hawarudii majibu yote sawasawa, na nakala zilifika 85% ya kiwango hicho cha mtu kujirudia mwenyewe. Ni kazi kubwa na naiheshimu, ila tazama ilichukua nini: kukaa na kila mtu saa mbili. Ukimuomba AI akuigizie mama wa Kihonda hapo Morogoro bila kuongea na mama yeyote wa Kihonda, atakujibu vizuri kwa sauti ya kujiamini, akitumia vilivyoandikwa, na huyo mama hajaandikwa.

Kwa hiyo risechi yako. Cities: Skylines itoe kwenye sehemu ya matokeo, ukitaka ibaki kwenye picha za kuonyesha. Pakua NetLogo, programu ya kuandikia modeli za namna hii, ni bure, ina modeli ya Schelling tayari ndani na ina ya foleni, utajifunza mwenyewe ndani ya wiki chache kwa sababu akili ya kufikiria mfumo gemu zimeshakupa. Kwa magari hasa ipo SUMO, programu ya kuiga magari barabarani, ya Wajerumani wa kituo cha anga cha DLR, nayo bure, ngumu kidogo, lakini humo gari halifutwi kimyakimya bila we kujua, mipangilio yote unaiona na unaibadilisha. Usijaribu mji mzima! Chukua kipande kimoja, mfano barabara za kuingilia Msamvu, nenda ukahesabu daladala, bodaboda na bajaji asubuhi na jioni, andika daladala inasubiri muda gani kujaa, inasimama wapi pasipo kituo. Hizo ndo sheria za watu wako, na hakuna gemu inayozijua.

Data zako gawa mbili, nusu tumia kurekebisha modeli, nusu ifungie usiiguse mpaka mwisho uone kama modeli inaikaribia. Endesha kila hali mara nyingi, maana ukiendesha mara moja umeona bahati tu. Halafu tengeneza jedwali la dhana zako zote, moja kwa kila mstari: daladala inasubiri ijae, bodaboda anapita katikati, dereva anajua njia ya mkato. Zima moja moja uone jibu linabadilika kiasi gani. Ikitokea barabara mpya inapunguza foleni pale tu ambapo umewanyima madereva uwezo wa kubadilisha njia, hapo una risechi, na hilo jedwali ndo la kwanza kumuonyesha supavaiza, hata kabla ya picha yoyote ya ramani.